Shtaka la kweli na Mungu ahesabuye haki

Wakristo wengi tunapenda kulinukuu swali la Paulo katika Warumi 8:33, "Ni nani atakayewashitaki wateule wa Mungu?", pale tunaposingiziwa. Mtu amesemwa barazani au amechongewa kazini, naye hujikinga kwa aya hiyo kana kwamba iliandikwa ili kuzima fitina za mtaani. Kwa maoni yangu aya hiyo inapelekwa pasipo pake. Anayesingiziwa ana njia nyingine za kujitetea, kwa kuwa anaweza kuleta mashahidi, kuonyesha maandishi, na mambo yakizidi akafika mahakamani. Jibu la Paulo, kwamba "Mungu ndiye mwenye kuwahesabia haki", yaani ndiye anayewatangaza kuwa wenye haki, linahitajiwa zaidi na yule ambaye shtaka dhidi yake ni la kweli.

Tazama sura ya tatu ya Zekaria. Yoshua, kuhani mkuu wa wale waliorudi kutoka Babeli, amesimama mbele ya malaika wa Bwana, na Shetani yuko mkono wake wa kuume ili kushindana naye. Nguo za Yoshua ni chafu sana, na hakuna anayekana jambo hilo. Bwana anamkemea Shetani bila kusema kwamba amedanganya. Kisha anaamuru zile nguo zivuliwe, naye Yoshua anavikwa nyingine pamoja na kilemba safi. Katika sura yote hiyo Yoshua hasemi hata neno moja.

Katika usharika wetu hapa Unguja yuko bibi mmoja, mkaazi wa majumba ya Michenzani, aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Fedha zilionekana pungufu, na maneno yakaenea haraka kuliko hesabu. Tuliketi mkekani sebuleni kwake tukalifungua daftari lake la jalada gumu, lenye majina upande wa kushoto, tarehe juu, na saini mbili mbele ya kila mchango. Asiyejua kuandika alikuwa ameweka alama ya dole gumba kwa wino wa buluu uliovuja hadi ukurasa wa pili. Ikaonekana kwamba marejesho ya mkopo mmoja yaliandikwa mara mbili, na wenzake wakaja kumtaka radhi. Nilidhani sasa atapumua, lakini aliniambia, "Hili sikulitenda, mwanangu, na Mungu alijua. Lakini yapo niliyoyatenda, hayamo katika daftari lolote, na hayo ndiyo yanayoniamsha usiku."

Sikuweza kumjibu kwamba yeye ni mtu mwema, ingawa ndivyo wengi wangemjibu, kwa sababu jibu hilo lingemrudisha kwenye kuhesabu mema na mabaya yake, hesabu ambayo alikwisha kuona haikai sawa. Tulisoma Wakolosai 2:14, ambapo Paulo anasema kwamba hati ya kutushitaki iligongomewa msalabani. Hasemi kwamba hati hiyo ilikosewa. Kisha tukasoma 1 Yohana 3:20, kwamba mioyo yetu ikituhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote." Kwa kawaida mtu huogopa kusikia kwamba Mungu anajua yote, lakini hapa Yohana analitaja jambo hilo ili kututuliza. Aliyetuhesabia haki hakufanya hivyo kwa kutojua, wala hakuna ushahidi mpya utakaomfikia kesho ukamshangaza.

Wapo wanaosema kwamba msamaha wa namna hii ni wa bei rahisi mno, nami nalichukua neno lao kwa uzito, hasa ninapoingia Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini. Ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa, juu ya ardhi ya soko hilo, nao uliongozwa na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Na inasimuliwa kwamba madhabahu yake iko mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa viboko. Mungu ambaye angepaona mahali pale akasema tu kwamba yaliyopita yamepita asingekuwa hakimu wa haki. Ndiyo maana Warumi 3:25-26 inasema kwamba kwa damu ya Yesu Mungu anakuwa mwenye haki na, wakati huo huo, mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu. Shtaka halikupuuzwa, lilibebwa na mwingine, ambaye Isaya alisema kwamba kwa kupigwa kwake sisi tumepona.

Kwa hiyo hunikera kumsikia kiongozi wa kanisa akiulizwa habari za sadaka akajibu kwamba Shetani ni mshitaki wa ndugu. Zakayo alipopokelewa na Yesu alitangaza mwenyewe kwamba atarudisha mara nne alichonyang'anya, na hakuna aliyemlazimisha.

Yule bibi naye alikuwa na mdogo wake huko Weti ambaye kwa miaka mingi hawakusemezana, na kosa, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa lake. Aliniuliza kama apande boti aende Pemba kumwomba radhi ili Mungu amsamehe. Nilimwambia aende kwa kuwa amekwisha kusamehewa, na kwamba mdogo wake akikataa kumpokea, jambo hilo litamuuma sana, lakini halitaifufua kesi yake mbele za Mungu.