Leo molekuli yangu imepitisha umeme

Jamani, mikono bado inatetemeka.

Miezi mitatu naiunganisha, hatua kwa hatua. Kila ncha nimeiwekea salfa, maana salfa hung'ang'ania dhahabu kama kupe.

Leo tukagusisha sindano ya dhahabu kwenye bamba la dhahabu lenye molekuli zangu, tukaivuta taratibu. Dhahabu ikakonda hadi atomu moja, ikakatika.

Pengo likiwa tupu, bila molekuli, mkondo wa umeme huporomoka hapo hapo hadi karibu sifuri.

Haukuporomoka. Kwenye grafu ulitulia kwenye kidato kifupi, chini sana ya kiwango cha atomu moja ya dhahabu: molekuli imeziba pengo!

Tukarudia. Kidato kikarudi, pale pale!

Wanasayansi Aviram na Ratner walipendekeza diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya molekuli moja mwaka 1974. Yangu ni waya tu, lakini nimeijenga mwenyewe.

Wenzangu wa maabara, mara yenu ya kwanza ilikuwaje? Nisimulieni, usingizi hauji.