Tabaka jembamba ndani ya seli ya sola ya kikaboni
Leo maabara nimepaka oksidi ya zinki juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi, na tabaka lililobaki, la nanomita 30 hivi, huwezi kuliona mpaka ukiinamishe kioo kwenye taa. Katika seli ya sola ya kikaboni, yaani inayotumia polima kufyonza mwanga, sifa nyingi hupewa polima hiyo, lakini nazidi kuamini kwamba kazi ngumu iko mipakani mwake, kwenye tabaka kama hili la oksidi ya zinki, pale elektroni zinapopitishwa huku chaji chanya zikizuiwa. PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme iliyozoeleka upande wa chaji chanya, ina asidi na hunyonya unyevu, hivyo huila taratibu elektrodi iliyo chini yake. Ndiyo maana tunageuza mpangilio, oksidi ya zinki ikakaa chini, oksidi ya molibdenamu juu badala ya PEDOT:PSS, kisha elektrodi ya madini ya fedha, na seli hudumu zaidi hewani.