Siku moja maishani mwa studio: albamu ya pili ya rapa, Kampala

Saa 3 asubuhi. Tunakagua faili za jana na kuweka nakala kwenye diski ya nje. Kompyuta hukaa kwenye UPS, kifaa chenye betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili iliyo wazi ndiyo huharibika. Spika zisichomekwe humo, zinamaliza chaji bure.

Saa 4. Ubishi. Albamu ya kwanza hubeba mistari ya miaka mingi. Ya pili huandikwa kwa miezi, na meneja tayari ana wimbo uliovuma wa kulinganishia. Mdundo wa leo una mapigo 90 kwa dakika: mstari mmoja wa mapigo manne ni sekunde 2.7 hivi, ubeti wa mistari 16 sekunde 43. Rapa anataka utangulizi wa mistari 8, kisha ubeti mzima, ndipo kiitikio. Basi msikilizaji atakingoja zaidi ya dakika moja, na Spotify huhesabu usikilizaji kuanzia sekunde 30. Meneja anataka utangulizi wa mistari 4, kisha kiitikio cha mistari 8: sekunde 32, hesabu imeingia. Hapo tuko naye, kwani hakuna neno lililopotea. Akitaka ubeti wenyewe ukatwe nusu, tunakataa. Lugaflow, rap ya Kiganda ya akina Babaluku na Bataka Squad, ni maneno kwanza.

Saa 6. Sauti. Mdomo sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kilele karibu na -10 dB. Kiganda kina konsonanti nzito, kama katika *ggwanga* na *kkubo*. Kompresa, kifaa kinachopunguza sauti inapopanda sana, ikibana haraka mno, mshindo wake unafutika na rapa anasikika amechoka. Ipe milisekunde 10 hadi 20 kabla haijashika.

Saa 8. Rolex: chapati na mayai, si saa ya mkononi.

Saa 9. Miksi. Besi iliyo chini ya hezi 100 karibu haisikiki kwenye simu, na wengi husikilizia huko. Badala ya kuipandisha, ikwaruze kidogo (distortion) ili mawimbi ya juu yake yatokeze. Kisha jaribu kwenye simu, halafu kwenye spika za teksi.

Saa 12 jioni. Hakuna anayetoka kabla ya kusaini karatasi ya mgawanyo, inayoonyesha kila mtunzi ana asilimia ngapi ya wimbo. Asilimia zifike 100 kamili, pamoja na fungu la rafiki aliyetunga kiitikio akiwa amekaa tu kwenye kochi. Huyo ndiye husahaulika, na ndiye hurudi wimbo ukivuma.