Taa Isipowaka, Sigusi

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko Morogoro. Shule zikifungwa, mwanangu wa darasa la tano hushinda kwangu, na hafiki peke yake: huja na wenzake, kila mmoja ana mikono isiyotulia. Nilichoka kuwafukuza, nikawapa kazi.

Kila kundi nililigawia betri mbili za tochi, vipande vya waya na taa moja ya LED niliyoing'oa kwenye tochi mbovu. Maelekezo yalikuwa neno moja: iwasheni. Umeme wa ukutani ni marufuku kabisa, hilo halina mjadala.

Nilichagua LED kwa makusudi. Balbu ya tochi ya zamani ukiiunga vyovyote inawaka, lakini LED hupitisha umeme upande mmoja tu; mguu mrefu lazima uelekee chanya. Ile nyeupe inataka kama volti 3, na betri moja ina 1.5, kwa hiyo ziungwe mbili kwa kufuatana. Na waya usipomenywa ganda lake mwishoni, hakuna kinachopita. Taa isipowaka, basi, mtoto ana sababu kadhaa za kuchunguza, na karibu zote hazionekani kwa macho.

Mwanzoni waligeuza kila kitu kwa pamoja, kisha wakanitazama. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, maana mkono wa fundi unawasha. Nilijiwekea sharti la kutogusa. Aliyeniuliza nilimrudishia swali ninalojiuliza redio ikiletwa haina sauti: unadhani kasoro iko wapi, na utajuaje? Wao nao niliwapa sharti lao: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine.

Binti mmoja mkimya wa darasa la nne alinishangaza. Aliazima taa iliyokuwa ikiwaka kwa wenzake, akaiunga kwenye waya zake. Giza. Akasema, "Basi anko, siyo taa. Ni waya au betri." Akaazima na betri, giza tena. Akaanza kupapasa waya inchi kwa inchi mpaka akakuta ncha moja bado ina ganda. Kujaribu kwa kifaa unachojua ni kizima ni mbinu yetu ya kila siku mafundi, na wapo wanafunzi wangu wa ufundi waliochelewa sana kuizoea.

Tulipozoea hayo tukahamia kwenye malimau, tuyafanye betri. Msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba, vyote unavichomeka kwenye limau bila kugusana. Mita ya kupimia volti inasoma chini kidogo ya volti 1. Manne yakiungwa kwa kufuatana, LED nyekundu inawaka kwa shida, uikinge na jua ndipo uione. Ugomvi mkubwa ulikuwa kama limau kubwa lina volti nyingi kuliko dogo. Nikawapa mita wapime wenyewe: karibu sawasawa. Ni zile metali mbili zinazoamua volti. Malimau yaliyotumika tunatupa, hayaliwi.

Niliwasimulia pia habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani. Baadaye alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, naye akaenda kupima. Waliandika pamoja makala iliyochapishwa 1969. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo.

Bila shaka wakataka kujaribu. Jirani anayeuza barafu alitupa nafasi, wakaweka kikombe cha maji moto na cha baridi. Cha baridi kiliganda kwanza. Nilidhani yameisha, lakini yule binti akapinga: vikombe havikulingana, na kimoja kilikaa karibu na ukuta wa friza. Likizo ijayo wanarudia, na jirani ameshasema kila mtu aje na kikombe chake.