Mama wa Kisauni na glavu zangu

Jana zamu ya usiku, wodi ya wagonjwa mahututi. Nimetoka kitanda cha pili mbio, glavu mkononi, nikataka kushika mpira wa dripu ya kijana aliye kwenye mashine ya kupumulia. Mamake, mtu wa Kisauni, akaniambia taratibu: "Mwanangu, hizo glavu si ndizo ulizomshikia yule bwana kule?"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Miaka sita kazini, zile nyakati 5 za kusafisha mikono za Shirika la Afya Duniani nazijua kama Alhamdu! Kinachotuponza ni glavu. Ukizivaa wajiona msafi, kumbe unajikinga wewe tu, mgonjwa unampelekea vijidudu vya jirani. Na kwa joto letu hili, mikono ikishalowa jasho, kuvaa nyingine ni vita.

Sanitaiza ni sekunde 20 hadi 30 tu. Nikazivua, nikasugua viganja, katikati ya vidole, na gumba (hilo ndilo twalisahau sana), nikangoja mikono ikauke.

"Ahsante, mama."

"Haya, sasa mshike."