Nilivyopata Msaada wa Serikali Nikiwa Mpangaji Baada ya Moto wa Eaton

Moto wa Eaton ulipozuka jioni ya Januari 7, 2025 katika vilima vilivyo juu ya Altadena, California, tulikuwa tumepanga nyumba ambayo hadi kunakucha ilikuwa imeteketea yote. Siku iliyofuata rais alitangaza maafa makubwa, na tangazo hilo ndilo lililowawezesha wakazi wa Kaunti ya Los Angeles kuomba fedha za serikali ya shirikisho. Wapangaji wengi niliowafahamu walidhani fedha hizo ni za wenye nyumba peke yao, ilhali mpangaji naye anaweza kulipwa vyombo vilivyoungua na kusaidiwa kodi ya makazi ya muda, ilimradi pale alipoungulia ndipo alipokuwa akiishi siku zote.

Nilijiandikisha FEMA, shirika la shirikisho linaloshughulikia maafa, katika kituo kilichofunguliwa Pasadena. Lililowatia watu wetu hofu zaidi ni suala la uhamiaji, na wapo waliokaa nyumbani kwa sababu hiyo tu. Raia, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi na aliyepewa hifadhi walistahili kuomba. Asiye na hadhi hizo aliweza kuomba kwa niaba ya mwanawe aliye raia na anayeishi naye. Malazi ya dharura, chakula na ushauri nasaha havikutegemea hadhi ya mtu.

Zile dola 770 zilizotolewa kwa kila kaya iliyokubaliwa, kwa ajili ya mahitaji ya haraka, tulizipata mapema. Kisha ikaja barua iliyosema kwamba kwa msaada mwingine sistahili. Nilimpigia simu rafiki yangu aliyewahi kupitia maafa ya namna hiyo, naye akaniambia, “Dada, isome mpaka mwisho kwanza, utaona wanachokidai.” Kweli, barua ilidai mambo mawili, uthibitisho wa makazi na uamuzi wa bima, na ilinipa siku 60 za kukata rufaa.

Mkataba wa kupanga uliungua pamoja na nyumba, kwa hiyo nilipakua bili za umeme zenye jina langu na anwani ile, nikaambatanisha hati ya mshahara na barua fupi ya mwenye nyumba. Bima ndiyo iliyonichosha. FEMA hailipi kitu ambacho bima imekwisha kukilipa, hivyo bila neno la bima faili langu lilibaki palepale. Kampuni yangu ilikuwa ikinizungusha kwa simu, nami nikaacha kupiga, nikaanza kuandika, nikiwaomba waeleze kwa maandishi watalipa nini na hawatalipa nini, maana hata barua ya kukataa ingenifaa kuliko kimya chao.

Walitaka pia orodha ya vyombo, chumba kwa chumba. Nani anakumbuka alikuwa na masufuria mangapi? Nilipitia picha za sherehe ya kuzaliwa kwa mwanangu ambazo ndugu walikuwa wamezihifadhi kwenye kundi letu la WhatsApp. Nyuma ya keki ilionekana televisheni, kabati la vitabu na cherehani niliyokuwa nimeisahau kabisa. Kila picha niliipa namba inayolingana na mstari wa orodha, na nakala ya orodha hiyohiyo nikaitia kwenye rufaa.

Baadhi ya majirani walishikilia kwamba lazima kwanza uombe mkopo wa SBA, wakala wa serikali wa biashara ndogo. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2024. Mkopo upo, na mpangaji anaweza kupewa hadi dola 100,000 za kununulia vyombo, lakini sikutaka deni.

Rufaa ilikubaliwa, tukapewa fedha za kodi. Tulipokuwa tukitafuta nyumba, mwenye nyumba mmoja alitaja kodi iliyopanda mno kuliko aliyokuwa ameitangaza kabla ya moto. Nilimkumbusha kwamba sheria ya California hairuhusu kuongeza zaidi ya asilimia 10 wakati wa hali ya dharura, akapunguza. Fedha za kodi zilipokwisha tuliomba ziendelee, na hapo FEMA ilitaka mkataba mpya pamoja na risiti zinazoonyesha kwamba zile za kwanza zililipia nyumba. Risiti hizo bado ninazo, kwa kuwa FEMA inataka zihifadhiwe miaka 3.