Maelfi Gani Wachezwe? Kama Ni Nywele Tu, Kinyozi Yupo

Kuna ugomvi mmoja kwenye gemu za mtandaoni ambao hauzeeki. Klasi, yaani aina ya mpiganaji, ikipunguzwa nguvu watu wanalia wiki mbili halafu wanazoea, bosi akiwa mgumu sana anapunguzwa makali na maisha yanaendelea, lakini hili la maelfi gani, wale watu wa hadithi wenye masikio marefu, turuhusiwe kuwacheza halijawahi kulala. Ukiligusa kidogo tu watu wanatoana macho, na wengine kati yao hata hawachezi tena hiyo gemu wanayoigombania.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mtu asije akasema nimemzungusha. Jamii mpya ya maelfi ipewe nafasi kama inabadilisha maisha yako ndani ya gemu, yaani unaanzia wapi, nani anakupokea, nani akikuona tu anachomoa upanga. Kama inaleta rangi ya nywele na macho peke yake basi hiyo ni kazi ya kinyozi, na kinyozi kwenye gemu yupo siku nyingi.

Sasa tuanze na World of Warcraft maana huko ndo moto ulipo. Wachezaji wamegawanyika kambi mbili zinazopigana, Alliance na Horde. Gemu ilipotoka 2004 elfi wa kucheza alikuwa mmoja tu, Night Elf, na alikuwa Alliance. Huko Horde kulikuwa na maorki, matroli, Tauren na maiti zinazotembea, kama unapenda sura nzuri hapakuwa na chako. Halafu Januari 2007 ikaja nyongeza ya The Burning Crusade, Blood Elf akaingia Horde, tena akaingia na upaladini, klasi ya wapiganaji watakatifu, ambao mpaka hapo ulikuwa wa Alliance peke yao. Kila mtu aliiona hesabu ilivyopigwa, kwenye seva nyingi Horde ilikuwa na watu wachache, basi leta warembo watu wahamie. Na wakahamia kweli, mpaka leo ukiingia mji wa Horde unaona wenye masikio marefu kibao kuliko wenye meno ya nje.

Shida ikaanzia hapo hapo, kwa sababu Blood Elf ni High Elf. Ni watu wale wale. Kwenye stori, yule mwovu Arthas alipopita Quel'Thalas, nchi yao, na jeshi lake la wafu aliua karibu asilimia 90 yao na akaichafua Sunwell, chemchemi iliyokuwa inawalisha uchawi, na waliobaki mwana wa mfalme Kael'thas akawapa jina jipya la Blood Elf kuwakumbuka waliokufa. Wachache wakagoma. Hawakutaka ile tabia mpya ya kunyonya uchawi kutoka kwenye viumbe wengine, wakabaki na jina la zamani na urafiki wa zamani na Alliance. Hao wagomaji ndo chanzo cha vita yote hii. Wapo kwenye gemu unawaona kwa macho, kiongozi wao Vereesa Windrunner yupo, kikosi chake cha Silver Covenant kilikuwa pale Dalaran, mji wa wachawi, toka 2008, wanapigana upande wako, wanakupa misheni, wanakuuzia vitu, ila wewe mchezaji wa Alliance kuwa mmoja wao hapana.

Mwaka 2018 Ion Hazzikostas, mkurugenzi wa gemu, aliulizwa hadharani na jibu lake, kwa maneno yangu mimi, likawa kwamba kama unamtaka elfi mrefu, mweupe, mwenye nywele za dhahabu, basi Horde inakusubiri. Jamani! Unamwambia mtu aliyekaa Alliance miaka yote hiyo, ana gildi yake, yaani kundi lake la kucheza, ana marafiki zake, ati ahame kambi ili apate masikio. Ile kauli ilikusanya mashabiki wa High Elf wakawa kama chama kuliko kitu chochote kilichowahi kufanywa na Horde.

Na mwaka huo huo Alliance wakapewa Void Elf. Stori yao ni hivi, kuna msomi anaitwa Umbric na wenzake walifukuzwa Silvermoon, mji wa Blood Elf, kwa kuchezea nguvu za giza za Void, wakaponea chupuchupu kugeuzwa kabisa, Alleria Windrunner akawaokoa na kuwapeleka Alliance. Mifupa ya modeli ni ile ile ya Blood Elf, imepakwa zambarau na bluu. Kwa hiyo waliokuwa wanataka High Elf walipewa kitu chenye umbo la High Elf lakini kina minyiri kwenye nywele na rangi ya mtu aliyekosa hewa. Wengine walishukuru. Wengi waliona wamedhihakiwa.

Hapa ndo panapochekesha. Apdeti ya kuelekea nyongeza ya Shadowlands, 2020, Void Elf akapewa rangi za ngozi za kawaida. 2021 akapewa nywele za kawaida, dhahabu, nyeusi, nyekundu, zote. Kwa macho tu sasa hivi unaweza kutengeneza High Elf kamili ukiwa Alliance na hakuna mtu atakayejua tofauti mpaka asome jina la jamii. Sasa je, ugomvi uliisha? Haukuisha! Na mimi nikawaelewa kidogo, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakisema, kumbe nywele hazikuwa shida. Wanataka jina, wanataka sehemu ya kuanzia ambayo ni yao, wanataka yule mlinzi wa Silver Covenant awaite wenzake. Ukimpa mtu sura bila nyumba umempa vazi tu. Lakini wao wenyewe miaka yote walibishana kwa picha, picha ya nywele, picha ya macho ya bluu, picha ya ngozi, basi studio ikawapa walichochora. Wangebishania kuanzia, wangebishania misheni, wangebishania mahusiano na Dalaran, labda wangepata kitu kingine.

Upande wa pili nao hoja zao zimechoka. Ya kwanza wanasema High Elf wamebaki wachache mno kwenye stori, hawawezi kuwa jamii ya kuchezwa. Sawa, na Void Elf je? Kikundi cha watu waliofukuzwa mjini na msomi mmoja, hao ndo wengi? Hesabu za stori kwenye gemu hizi ni za mpira, zinavutika zinapotakiwa kuvutika. Ya pili wanasema kambi zitapoteza utambulisho wake. Hii ilikuwa na nguvu zamani, siku hizi hapana, jamii ya Pandaren toka 2012 wanachagua kambi wenyewe, Dracthyr 2022 hivyo hivyo, Earthen 2024 hivyo hivyo, halafu toka 2022 unaweza kuingia dunjoni na mtu wa kambi ya pili na 2023 hadi gildi zikachanganywa. Ukuta umeshavunjwa, we unalinda mlango wa nini?

Hoja yao moja tu naiheshimu na ni ya pesa na muda. Jamii mpya sio sura mbili na muziki. Ni modeli ya kiume na ya kike, animesheni za kukimbia, kuogelea, kupiga, kucheza, kufa, na kila nguo iliyowahi kutengenezwa lazima ikae mwilini bila kupenya mbavuni. Halafu masikio! Watu wanasahau masikio ni tatizo la kiufundi. Final Fantasy XIV walipoleta Viera 2019, ambao sio maelfi kamili ila kwa masikio wanawazidi wote, kofia nyingi hazikuonekana kabisa kichwani mwao, unavaa helmeti ya maana inapotea, na wa kiume ilibidi wasubiriwe mpaka 2021. Wakati huo Elezen, ambao ndo maelfi halisi wa ile gemu na wapo toka mwanzo, wamekaa pembeni na shingo zao ndefu hakuna anayewagombania. Nawaonea huruma kwa kweli, nadhani ni kwa sababu hawana siri yoyote, hakuna aliyewanyima.

Kuna mengine ya mifupa. Nightborne, elfi wengine wa World of Warcraft, walipokuwa wahusika wa gemu tu kule mji wa Suramar 2016 walikuwa wanapendeza, wembamba, sura kali. Wachezaji wa Horde walipopewa 2018 wakakuta wamewekwa karibu na mwili wa Night Elf na uso umepoa, ile haiba imeachwa njiani. Kwa hiyo hata ukipewa ulichoomba, angalia na namna kilivyoshonwa.

Sasa niseme wapi jambo hili lilifanywa sawasawa, na itabidi nirudi nyuma sana. EverQuest, 1999. Walikuwa na High Elf, Wood Elf, Dark Elf na Half Elf toka siku ya kwanza, wanne, na hawakuwa rangi nne za kitu kimoja. Ukichagua Dark Elf unaanzia Neriak, mji wa chini ya ardhi, unaona gizani wakati binadamu mwenzio usiku haoni hata miguu yake, na ukijisahau ukatembea mpaka Felwithe au Kelethin walinzi wanakuua bila kukuuliza jina. Benki ya kwenu ni ya kwenu, ya kwao sio yako. Kwenda tu kumsalimia rafiki yako wa High Elf ilikuwa safari ya kujificha ficha. Hapo jamii ilikuwa uamuzi, unaulipia kila siku, na ndo maana waliocheza Dark Elf enzi zile mpaka leo wanasimulia utadhani walikuwa wakimbizi.

Dungeons & Dragons Online nao 2006 walifanya kitu nilichokipenda, Drow, Dark Elf wa huko, alikuwa amefungwa, ukitaka kumcheza unakusanya pointi 400 za hisani kwa kufanya misheni kwanza. Baadaye dukani unanunua, haya, biashara. Ila wazo la kumfikia kwa jasho ni zuri.

Halafu kuna The Elder Scrolls Online, na hii ndo naona ina nafasi kubwa kuliko zote na inaipoteza. Kuna miungano mitatu. Toka 2014 Altmer (High Elf wa huko) na Bosmer (Wood Elf) wako Aldmeri Dominion, Dunmer (Dark Elf) yuko Ebonheart Pact pamoja na Waargonian, watu mijusi, ambao mababu zake waliwafanya watumwa, yaani hapo peke yake kuna stori ya kukesha. Na Daggerfall Covenant watu wanadhani hawana elfi, kumbe Orc wa ile dunia ni Orsimer, ni elfi kabisa kwa asili. Kila muungano una wake. Mtu akikwambia anapenda maelfi muulize kama na Orsimer anawahesabu, utaona anapenda maelfi au anapenda mashavu.

Lakini angalia jamii inavyozidi kuwa nambari tu. Toka apdeti ya One Tamriel, 2016, unazunguka popote bila kujali muungano wako, kitu kizuri kwa kucheza na marafiki sikatai, ila Dunmer na Altmer wanapokelewa sawa sawa kila mji. Kilichobaki ni bonasi. 2019 Bosmer wakaondolewa bonasi yao ya kujificha, wakapewa mambo ya kugundua waliojificha na kukwepa, na watu walikasirika kweli kweli, na walikuwa na haki, kwa sababu mwindaji wa msituni asiyejua kunyata ni nini sasa? Ile bonasi ndogo ndo ilikuwa imebaki kuwakumbusha wao ni nani.

Watu huko wanaomba Falmer, kwa maana ya wale Snow Elf wa zamani kabla hawajapofushwa na Dwemer, elfi wengine wa kale, na wengine wanaomba Dwemer wenyewe. Dwemer hapana, walitoweka wote kwa mpigo na ile siri ni tamu kuliko jibu lolote. Snow Elf naona ni ugonjwa ule ule wa High Elf, watu wameona elfi mweupe mpole wanamtaka.

Mi ningewapa Maormer. Elfi wa baharini, kisiwa chao kinaitwa Pyandonea, macho kama maziwa, ngozi imekosa rangi, wanafuga majoka ya baharini, mfalme wao Orgnum inasemekana hafi, na ugomvi wao na Altmer ni wa toka enzi na enzi. Kwenye gemu wapo kama maadui tu wa kuchinjwa, pwani ya Khenarthi's Roost, Auridon, Summerset. Hakuna muungano hata mmoja ambao ungewapokea kirahisi na hapo ndo utamu ulipo. Nipe mhusika anayeanzia melini, wauzaji wa Auridon wanakataa pesa yake mpaka amefanya kazi chafu za kutosha, Bosmer wa bandarini wanamsogelea taratibu, Altmer hawamsogelei kabisa mpaka levo ya mwisho. Wala sihitaji aina kumi na mbili za nywele, wakinipa mbili zinatosha, hiyo hela iliyobaki wawaandikie walinzi maneno ya kunitukana.

Najua itakavyokuwa lakini. Wakiletwa, apdeti ya pili watu watakuwa wanaomba wapewe ngozi ya Altmer.